Mgongo wa Rosalia

Albano Namkopi amechonga twiga kwa miaka thelathini na moja. Nikisema twiga, nina maana ya twiga tu. Siku moja alimtia mmoja tabasamu, tajiri wa duka la vinyago akamrudishia: "Mzee, mtalii anataka twiga, hataki vituko." Basi Albano akaacha vituko. Akawa anachonga miti ya bei poa, anaipaka kiwi ya viatu, inapanda ndege ikiitwa mpingo. Naamini kuna sebule huko Ujerumani ambamo mgeni akiegemea kabati anaondoka na kiwiko cheusi.

Mwaka jana mkewe, Rosalia, akafariki. Wakamzika kwao Masasi, na Albano akarudi Mwananyamala, kwenye nyumba yetu ya kupanga, chumba cha tatu kutoka chooni. Sie wapangaji wenzake tulimpa pole kwa siku arobaini kamili, kisha tukarudi kwenye mambo yetu.

Mwezi wa nane akagundua kwamba sura ya mkewe inamtoka. Picha aliyobaki nayo ilikuwa ya kitambulisho cha mpiga kura, na humo Rosalia, kama sote, ametoka kama mtuhumiwa wa wizi wa mbuzi. Chini ya kitanda Albano alikuwa na gogo la mpingo wa kweli, alilolitunza tangu ujana kwa ajili ya kazi yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuifikia. Akaamua kumchonga Rosalia kabla hajapotea kabisa.

Alianza kujaribu kwenye mti wa kawaida. Mikono ikakataa. Shingo ilirefuka, masikio yakapanda juu. Jirani yake Mauwa, shoga wa marehemu, akasimama na beseni lake la nguo.

"Shemeji, huyu nani?"

"Rosalia."

Mauwa akatazama kwa muda, kama anatafuta neno la heshima. "Rosalia hakuwa na pembe."

"Ni nywele hizo."

"Haya."

Majaribio matano yakaishia jikoni kama kuni. La sita Albano hakulimaliza. Akamuuliza Mauwa, bila kumtazama, "Hivi macho yake yalikuwaje?"

"Miaka ishirini na saba unalala naye, unaniuliza mie?" Kisha akapunguza sauti. "Mlikuwaga hapa uani kutwa, shemeji. Ulikuwa unatazama nini?"

"Yeye alikuwa mbele, anakaanga vitumbua. Mie huku nyuma, mlangoni, nachonga. Alikuwa amenipa mgongo."

Mauwa alipoondoka, Albano akaingia ndani, akalivuta gogo la mpingo kutoka chini ya kitanda, akakaa mlangoni pale pale pake, akalibana kwa nyayo na kuinua tezo.

Safari hii mikono haikuuliza. Bega la kushoto lilitoka chini kidogo kuliko la kulia. Khanga ikateleza kiunoni. Kisogoni ukatokea ule mkunjo wa nyama uliokuwa unakusanya jasho kila alipoinamia moto. Alichonga siku kumi na moja. Simu ya tajiri iliita hadi chaji ikaisha. Akapiga msasa, kiwi hakuigusa.

Mauwa alipokiona kinyago alikaa chini. "Ndiye. Bega lake lile." Kisha akazunguka mbele. Huko hakukuwa na kitu, gogo tupu na magome yake.

"Na uso?"

"Siujui."

"Nitakuelekeza. Macho yake yalikuwa—"

"Usiniambie, shemeji. Nikimchonga kwa maneno yako atakuwa shoga yako, hatakuwa mke wangu."

Mauwa akaenda kuanua nguo zake. Albano akakisogeza kinyago mbele, hatua tatu kutoka mlangoni, akarudi kukaa nyuma yake. Akaita, "Rosalia," kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji, akasubiri ageuke.

Sie wapangaji, tunaojuana hadi kukoroma, tukaongeza sauti ya redio.