Upande wa Sambaza

Nani alinituma kujifanya guide? Mama mudogo alifika Goma mara ya kwanza kutoka Butembo. Nikamupiga picha kwenye sanamu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, kisha nikamuingiza katika bustani ya hoteli, kando ya ziwa.

"Hapa wananijua," nilimudanganya.

Kabla hatujaagiza, tukaletewa sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa. Nikasifu huduma. Nikaitisha pilipili, na sahani ya pili. Watu wote walivaa vitenge vya namna moja. Nikamueleza mama mudogo kwamba ndiyo modi ya Goma.

Muziki ukanyamaza. Papa mwenye mikro akasimama mbele yetu.

"Meza hii, muko familia ya bwana arusi ao ya bibi arusi? Mulete zawadi mukicheza!"

Mama mudogo akapangusa midomo, akasimama.

"Papa, sisi tuko upande wa sambaza."