Kijiko cha Wifi Dakika Sita

Dakika Sita, binti wa fundi viatu, dada wa mume wangu, wifi yangu kwa ndoa na mshindani wangu kwa kila kitu kingine. Mwonja chai wa kwanza kwenye meza ndefu ya kiwanda kwa miaka thelathini na moja. Aliyerudisha shehena nzima kwa kunusa mfuko mmoja tu, na ikaja kujulikana kweli magunia yalilala karibu na mapipa ya mafuta ya taa. Aliyemwambia meneja, mbele ya wageni wake, kwamba chai anayoisifia ni ya mwaka jana. Huyo ndiye ninayemwandika. Naandika mimi kwa sababu wanaomjua vizuri tumebaki wawili, mimi na mume wangu, na mume wangu anatafuta miwani iliyo usoni mwake.

Jina lile alipewa mezani. Chai ya kuonja huachwa ndani ya maji ya moto dakika sita, si tano wala saba. Sisi wengine tulitazama saa ya ukutani. Yeye alikuwa akiongea, akicheka, akimsuta mtu, halafu katikati ya neno ananyanyua mkono: "Mimina." Ukitazama saa, ni dakika sita. Nilimchunguza miaka mingi nikitafuta siku atakayokosea hata nusu dakika. Sikuipata.

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msije mkajidai mmeligundua wenyewe.

Mimi nilikaa kiti cha pili. Kazi yenyewe ilikuwa moja: unachota kwa kijiko, unaifyonza chai kwa kishindo mpaka ipige kaakaa, unaizungusha, unaitema ndooni, unasema neno moja. Nilijitunza kwa ajili ya kazi ile. Vitunguu sikula siku za kazi, marashi sikupaka hata siku ya harusi ya mdogo wangu, sabuni yangu ilikuwa ile ya mche isiyo na harufu. Sigara sijaigusa toka nizaliwe. Wifi yangu je? Alivuta tangu usichana! Kila jioni alikaa kibarazani kwake, mguu juu ya mguu, akitoa moshi kama garimoshi. Na asubuhi ulimi wake uliuacha wangu mbali. Hebu niambieni, hiyo ni haki?

Lakini sitasema uongo juu yake. Alikuwa na taratibu zake. Sigara hakuishika kwa vidole; aliichomeka kwenye kijiti cha mwanzi ili mkono usinuke. Alivuta akiwa na nguo moja tu, gauni la kijani lililochakaa, na gauni lile halikuingia chumba kimoja na aproni yake ya kazi. Aproni aliilaza kwangu. Kila asubuhi alipita kuichukua, akibisha mlango na kuita, "Wifi, mke mwenzangu ameamka?" Aproni ndiyo aliyoiita hivyo. Mume wangu alicheka kila siku, miaka yote hiyo, utani ule ule.

Kisha kiwanda kikapata mwenye mali mpya. Tukaambiwa mikataba ya zamani imekwisha, kila mtu aombe kazi upya kama mgeni. Tulipanga foleni nje ya ofisi ya afisa utumishi, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, kila mtu na fomu yake. Wifi alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Wifi, nisomee," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye sauti ya ualimu."

Nikamsomea. Nilipofika swali la kumi na mbili, nililiona kabla ya kulitamka. Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka kama mtoto aliyeitiwa zawadi. Nikalisoma polepole, kila neno na haki yake: "Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita umevuta sigara, mahali popote, hata nje ya kazi?"

Nyuma yetu alisimama fundi wa tanuri, mtu mnene mwenye mdomo usiofungwa. "Andika hapana, dada," akasema. "Nani atakufuata mpaka kibarazani?"

Wifi akanitazama mimi. Alikuwa akisubiri niseme. Neno moja tu lingetosha, maana ananisikiliza kuliko anavyokubali. Nikaifuta fomu vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi hapa nimewekwa kusema kilichomo mdomoni mwangu," akasema hatimaye. "Nikianza kuudanganya mdomo kwenye karatasi, mezani nitauamini vipi? Andika ndiyo, wifi."

Nikaandika ndiyo. Mwandiko wangu ni mzuri. Sijui kama nimewahi kuandika neno zuri kama lile.

Alipoingia, mlango ulibaki wazi, tukasikia yote.

"Mama, hatuajiri wavutaji. Majani ya chai yanashika harufu, wewe unajua kuliko mimi. Na afya ya wafanyakazi pia ni jukumu letu."

"Yanashika, kweli. Miaka thelathini na moja, mwanangu. Kuna gunia hata moja limerudi kwa sababu ya moshi wangu?"

"Si suala la gunia. Ni sera."

"Basi sera na ije ionje chai."

Foleni ikacheka. Afisa naye akacheka kidogo, halafu akagonga muhuri wa kukataa. Wifi alitoka amenyooka, akapita mbele yangu, akasema, "Aproni ibaki kwako."

Mimi nilipewa kiti cha kwanza. Afisa akanipa mkono: "Tunataka watu kama wewe, mama. Mdomo safi." Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani, nikayasema mara mbili kabla ya kula na mara moja baada ya kula.

"Basi, mdomo safi," mume wangu akasema, "upumzishe kidogo."

Mngedhani wivu uliishia hapo. Uliongezeka! Nimekaa kwenye kiti chake, na kiti kina shimo la makalio yake. Fundi wa tanuri akipita na trei haachi: "Dakika Sita angesemaje hapa?" Binti yangu wa mwisho, aliyeajiriwa chumba cha kufungasha, jioni badala ya kuja kwangu alipitia kwa shangazi yake, akatoka huko anacheka na ananuka moshi. Nikimgombeza, ananijibu, "Mama, shangazi ananifundisha kunyamaza dakika sita." Mimi nilikuwa mwonja wa kwanza, na hakuna aliyekuja kujifunza kwangu hata kunyamaza.

Mwezi wa nne nikaamua kumwonyesha. Tulikuwa na shehena kubwa ya kwanza ya mwenye mali mpya, inaondoka Alhamisi, na mimi ndiye niliyeipitisha. Jumatatu jioni nikachukua kifurushi kidogo, nikaenda kibarazani kwake, nikamtengenezea mwenyewe.

Alizima sigara kwanza. Akasukutua kwa maji ya uvuguvugu, akafyonza, akatema kwenye maua yake. Akafyonza tena.

"Moshi," akasema.

"Moshi ni wewe! Jinuse gauni."

"Wangu naujua kama ninavyojua kikohozi cha kaka yangu. Huu si wa sigara, huu ni wa kuni. Bomba la kikaushio limetoboka, unaingia kwenye majani. Mwambie fundi."

"Nimeonja vikombe kumi na viwili. Hakuna kitu."

"Umekaa humo kila siku, wifi. Moshi umeingia kidogo kidogo, ulimi ukauzoea. Mimi hata ningekuwa kwenye kile kiti ningeuzoea. Mmenitoa nje, ndiyo maana nimeusikia."

Nikakusanya vikombe vyangu kwa kelele. Nikamwambia aseme tu kama ana uchungu na kiti. Akawasha sigara nyingine na kunitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumanne nilionja vikombe ishirini. Hakuna. Nikaanza kufikiri: kama ni kweli na shehena ikaondoka, itarudi, na jina lililo kwenye karatasi ni langu. Kama si kweli na nikaisimamisha, watasema mdomo safi hauna akili. Na kati ya yote mawili, lililoniwia zito zaidi ni hili: yeye awe ndiye aliyesema kweli. Siku nzima nilitamani chai iwe nzuri, si kwa ajili ya chai.

Jumatano mchana nilimwita fundi wa tanuri. Alizima moto, akaingia chini ya kikaushio na tochi, akatoka uso mweusi. "Tundu la kupitisha kidole," akasema. "Nani amelijua?"

Nikasema, "Mimi."

Ndiyo, nilisema mimi. Shehena ikazuiwa, meneja akanisifu mbele ya wote, afisa utumishi akasema hiyo ndiyo faida ya sera yao. Binti yangu alikuwa pale, na boksi mikononi. Alikuwa kwa shangazi yake ile Jumatatu, akikaanga karanga ndani, na alisikia kila neno.

Wifi alipopata habari aliniambia hivi tu: "Hongera, wifi." Wala hakunikejeli. Angenikejeli ningepona.

Nilibeba hongera ile wiki mbili. Ikaniharibia mdomo kweli; chai zote zilikuwa na ladha moja. Mwisho nikaenda ofisini, nikasimama, sikukaa.

"Lile tundu hakulijua mwenye mdomo safi," nikamwambia afisa. "Alilijua yule uliyemkataa."

"Aliingiaje kiwandani?"

"Hakuingia. Chai ilimfuata kwake."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana mwema, nasema tena. Alisema kama mama yule ataacha sigara, atamwombea kazi. Nikampelekea wifi ujumbe ule.

"Mwambie kazini sijawahi kuvuta, wala sitavuta," akajibu. "Wakitaka kunizuia kule, wana haki. Ila hiki kibaraza nilikijenga mimi."

Mimi nilikuwa mpenzi mkubwa wa ile sera mpaka nilipokuwa sina budi kuitetea kwa ulimi wangu mwenyewe, na ulimi ukakataa. Moshi wake ulikuwa mbaya. Kifua chake leo kinanguruma, na nimemwambia sana. Lakini mtu apimwe kwa kijiko alichoshika. Ofisi haikubadilika. Yeye hakubadilika. Ila tangu siku ile, kila Ijumaa nilimpelekea vifurushi vya chai aonje, nao kiwandani walijua na wakajifanya hawajui.

Mwaka huu nastaafu. Binti yangu ndiye amewekwa mezani. Jana wifi alituita sote. Alikuwa amelikunja gauni la kijani, na mapajani ana kijiko chake, kile cha mdomo mpana ulioliwa upande mmoja kwa kugonga vikombe. Nikanyoosha mkono. Nilifikiri ni changu. Miaka yote hiyo, nani mwingine?

Alikipitisha juu ya mkono wangu, akampa binti yangu.

"Kila Jumatatu," akamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "mtengee mama yako vikombe viwili, kimoja kizuri, kimoja kimeharibika kidogo sana. Asijue kipi ni kipi. Asipopata, mwambie hajapata. Usimwonee aibu kwa sababu ni mama yako."

"Na akipata, shangazi?"

"Akipata, mlete huku haraka, nimwonee wivu kidogo. Nimemwachia peke yake kazi hiyo muda mrefu."

Kesho ni Jumatatu. Leo sijala kitunguu.