Kedi Aliyeinua Kichwa

Kama ulipita Msimbazi alfajiri miaka ile ya Ujamaa, maduka hayajafunguliwa, huenda ulipishana na Melkiori usimtambue. Mtu mrefu, bega la kushoto limelala, anatoka Ilala kwa miguu kwenda klabu ya gofu kule upande wa baharini. Bega hilo lililazwa na mikoba ya watu. Melkiori alikuwa kedi. Alimbebea mchezaji fimbo zake, akamchagulia ya kupigia, na kubwa kuliko yote, akaangalia mpira umeangukia wapi. Bwana mkubwa akishapiga hana haja ya kuhangaika. Macho ni kazi ya kedi. Mpira ukipotea, kosa la kedi, na siku hizo mipira ilikuwa adimu kama sukari.

Alikuwa amechoka. Sisemi uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Huu ulikuwa umehamia kwenye goti la kulia, umepanga humo, hautaki kutoka. Akipanda kijilima, goti linalia. Akishuka, linalia zaidi.

Mwaka ule mwalimu wa gofu wa klabu alistaafu, na kamati ikatangaza kwamba kedi atakayeshinda mashindano ya makedi ndiye atakayeshika nafasi yake. Mwalimu ana mshahara wa mwezi, anakaa kivulini, anaelekeza watu. Habebi kitu. Melkiori alipolisikia tangazo hilo aliuweka mkoba chini, akainama kulishika goti lake, akaona aibu kwa jinsi alivyotamani.

Ila mganga hajigangi. Kutwa alikuwa akiwaambia mabwana zake, "Kichwa chini, bwana, usiharakishe kutazama." Zamu yake ikifika, Jumatatu ambapo makedi waliachiwa uwanja, kichwa chake ndicho cha kwanza kunyanyuka. Kichwa kikinyanyuka bega linafuata, na mpira unakimbilia kulia, mitini.

Bwana Ravindra, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, ambaye Melkiori alimbebea mkoba miaka na miaka, ndiye aliyemwambia ukweli.

"Melkiori, wewe unapiga kama mchezaji, lakini unatazama kama kedi. Mpira haujaondoka, wewe umeshaanza kuutafuta."

"Ndiyo mazoea, bwana. Nisipotazama mimi, atatazama nani?"

"Hapo sasa tafuta mtu," alisema Bwana Ravindra, akacheka.

Melkiori hakucheka. Alirudi nyumbani na neno hilo, akampelekea mkewe Severa. Severa alikuwa na meza yake ya ndizi katika soko jipya la Kariakoo, ndizi za kwao Kilimanjaro, na alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi akiwa kazini. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya.

"Yaani shida yote hiyo ni macho tu?" aliuliza. "Basi nitakutazamia mimi, Baba Candida. Wewe piga."

Wakaanza mazoezi uani, kila jioni kabla ya giza. Mipira ya kuchezea haikuwapo, wakatumia magunzi ya mahindi. Severa aliweka ndoo kuukuu ukutani, akakaa kwenye kigoda na karai la ndizi mapajani. Melkiori alishika fimbo kwa vidole vilivyolegea, maana akiikaba mikono inakuwa miti. Alizungusha kiuno kwanza, mikono ikafuata, taratibu, nusu ya nguvu zake, kisha akabaki vilevile, macho yameganda pale gunzi lilipokuwa. Sheria ilikuwa moja: asiinue uso mpaka Severa aseme.

"Kulia kwa ndoo," Severa anasema. Hapo ndipo anainua.

"Kulia tena. Umechungulia, nimekuona! Kesho maji unachota wewe."

Alichota maji siku nyingi. Majirani walitoka kuangalia mzee mzima anayefyeka magunzi, wakacheka mpaka wakachoka wenyewe. Hakupiga mengi; goti lisingekubali. Machache, kila moja kwa akili yake, na likienda vibaya anasimama kwanza, anapumua, ndipo anachukua lingine. Mpaka jioni moja gunzi likagonga ndoo, na Severa akanyamaza makusudi kuona atafanya nini. Melkiori alibaki ameinama, anangoja, jasho linamtiririka puani.

"Umegonga ndoo, mume wangu," Severa alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Melkiori alikuwa ameisahau.

Siku ya mashindano Severa alimwachia Mboni, jirani yake wa sokoni, meza ya ndizi, akaja kubeba mkoba. Aliubeba kichwani, kama anavyobeba mkungu. Makedi walicheka. "Ng'ombe hazeeki maini!" akatania Filbert, kijana mwenye mabega ya kupakua shehena, ambaye ndiye Melkiori aliyemwogopa zaidi. Walicheza pamoja, na kila Melkiori alipopiga, Severa aliutazama mpira, akasema ulipo, naye akainua uso. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa.

Filbert alitangulia. Alitumia nguvu zote alizopewa na Mungu, mpira ukaingia vichakani kushoto, naye na mwenzake aliyembebea mkoba wakakimbilia huko kuutafuta. Melkiori akasimama. Kwa mara ya kwanza goti lilinyamaza. Akazungusha kiuno, fimbo ikashuka, na ule mlio ukatoka, mlio mkavu, mtamu, ambao alikuwa ameusikia kwa watu wengine tu. Akabaki ameinama. Akangoja.

Severa hakusema kitu.

"Mama Candida?"

Alipoinua uso alimkuta mkewe amefumba macho, rozari imezungushwa vidoleni, midomo inacheza.

"Uko wapi?"

Severa alifumbua macho. "Nilikuwa nakuombea," alisema, na hapohapo akaelewa alichofanya. "Yesu wangu. Sikuuona, Baba Candida. Sikuuona!"

Walitafuta. Walitafuta pale mipira yake ilipozoea kuangukia siku zote, wakapekua nyasi kwa miguu na kwa mikono, Severa akilia bila sauti, mpaka muda unaoruhusiwa ukaisha. Mpira uliopotea unarudiwa, na pigo la adhabu juu yake. Melkiori alirudi nyuma kwa goti lake, akapiga wa pili. Safari hii alitazama mwenyewe. Mpira ukakimbilia kulia, mitini. Filbert alikuwa ameshaupata wake, na nafasi ya mwalimu ikawa yake.

Njia nzima Severa aliubeba mkoba kichwani, akakataa kupokewa. Mitaa ya Kariakoo ilikuwa imejaa watu na mikokoteni, nao wakapita katikati yao.

Kesho yake Melkiori alikuwa na mkoba wa Bwana Ravindra begani. Walipofika shimo la mwisho, kwenye kibonde cha nyasi hatua chache kabla ya bendera, mbali sana na pale walipotafuta, alikuta mpira wenye alama yake ya wino wa bluu. Hakuna aliyefikiria kuutafuta huko, maana mpira wa Melkiori haukuwahi kufika huko. Yeye mwenyewe hakufikiria. Aliuokota, akautia mfukoni.

"Wangu umeuona?" Bwana Ravindra aliita kutoka nyuma.

"Nimeuona, bwana."

Jioni Severa alikuwa uani, karai mapajani, macho yamevimba. Ile ndoo ilikuwa bado ukutani.

"Ule mpira," aliuliza bila kumtazama, "haukuonekana?"

Melkiori alikaa chini taratibu, akanyoosha goti. Mpira ulimbana ndani ya mfuko.

"Haukuonekana, mke wangu," alisema. "Naona ulikwenda mitini tu, kama kawaida yangu."