Maziwa Aliyonyonya Pamba

"Ni kirusi cha panya," alisema jirani huku akianika shuka kwenye kamba ya uani. "Ndicho kinacholeta saratani ya titi. Panya mama anacho kwenye maziwa, ananyonyesha watoto wake, na wao wakikua wanaota uvimbe. Sasa wanasema hata binadamu."

Jirani huyu walimwita Redio, kwa kuwa hazimiki hata betri zikiisha. Siku nyingine Pamba angecheka. Leo alisimama na nepi mbichi mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

"Nani kasema?"

"Wataalamu, shoga. Mimi nitunge ya nini? Hebu fikiria mwenyewe, shangazi yako maisha yake yote amekaa na panya. Basi, sitaki kusema zaidi."

Wala hakikubaki cha kusema zaidi.

Shangazi alikuwa fundi wa magodoro ya pamba. Mtu akimletea godoro lililobonyea, yeye hulifumua, huchambua mabonge kwa vidole, huanika pamba juani, kisha hulijaza upya na kulishona kwa sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Panya wanapenda pamba. Mara nyingi alikuta kiota ndani, vitoto vyekundu visivyo na manyoya, akavichota kwa kikopo akavipeleka nyuma ya ukuta. "Haya, hameni," huviambia. "Hapa mwenye nyumba kakasirika."

Pamba alilelewa katikati ya kazi hiyo. Mama yake alifariki akimzaa. Shangazi naye alikuwa ametoka kumzika kichanga chake, gauni bado likilowa maziwa kila mtoto wa jirani alipolia. Akamchukua mtoto wa kaka yake, akamnyonyesha mpaka akatembea. Wateja walimkuta mtoto amelala kwenye lundo jeupe, nyusi zimejaa nyuzinyuzi, jina likamganda hapohapo.

Uvimbe ulipoanza, shangazi aliisingizia kazi. Ili sindano ipenye ukingo mnene wa godoro, yeye huuegemeza mwisho wake kwenye kipande cha ngozi kifuani na kusukuma kwa mwili mzima. "Godoro limenigonga tu," alisema, akajikanda kwa mafuta ya moto. Alijikanda mpaka ngozi ikaanza kujikunja. Daktari alipomwona hakuzunguka maneno: titi litakatwa. Siku ya kulazwa ilikuwa imekaribia.

Basi jioni ile, binti mchanga wa Pamba alipovuta nguo akitafuta ziwa, Pamba aliona njia yote imenyooka mbele yake: panya, pamba, shangazi, yeye, na sasa huyu mwenye jino moja. Akaichomoa nguo mkononi mwa mtoto. Akakoroga maziwa ya kopo.

"Mtoto ana nini?" mumewe aliuliza. "Mbona analia hivyo?"

"Maziwa yamekauka."

Kifua chake kilikuwa kimelowa chapachapa. Mumewe alikitazama, akambeba mtoto.

Kesho yake shangazi alikuja. Pamba alimwamkia, akamtilia chai, ila mtoto hakumpa. "Amelala, shangazi," alisema, na mtoto ndani anaimba. Shangazi alimaliza chai, akaaga. Pamba alikisugua kikombe, akakimiminia maji yanayochemka, kisha akaona aibu, akakisugua tena.

Kisha akaamka na uvimbe wake mwenyewe. Upande wa kushoto, mgumu kama kokwa, una moto, hataki hata kanga iuguse. *Kimefika*, aliwaza. Hakumwambia mtu. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati, na njiani alikuwa akichagua kimoyomoyo nani atamlea.

Muuguzi alimgusa, akamuuliza, "Umeacha kunyonyesha ghafla?"

"Ndiyo."

"Basi ni maziwa hayo, mama. Yamekosa pa kutokea, yamejazana. Mpe mtoto titi uone. Lisipolainika, au ukipata homa, rudi haraka."

Pamba akamwaga yote: panya, magodoro, shangazi. Muuguzi hakumcheka. Alivuta kiti.

"Kirusi hicho kipo, na kwa panya kweli kinapita kwenye maziwa. Kwa binadamu watu wametafuta. Wengine wamesema wameona dalili zake kwenye uvimbe, wengine hawakuona kitu. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndicho kinacholeta saratani, wala kwamba mtoto aliipata kwa kunyonya. Wanaendelea kutafuta. Mimi ningekuwa wewe, ningenyonyesha."

"Kwa hiyo hamjui?"

"Yote hatujui. Usimwache mtoto na njaa kwa jambo lisilojulikana."

Akamfundisha kujipima: vidole vitatu vimelala bapa, unazunguka polepole, usifinye. Pamba alimnyonyesha mtoto palepale kwenye benchi, machozi yakimdondokea utosini, na kokwa likaanza kulainika. Hofu nayo ilipungua, ila haikuondoka. Ilijisogeza tu, kama mgeni anayempisha mwenzake kwenye mkeka.

Kutoka hapo alikwenda kwa shangazi. Alimkuta kakaa juu ya godoro lisilomalizika, sindano imechomekwa pembeni, hashoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo mtoto kaamka?"

Pamba akainama. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Redio kapita hapa kabla ya kufika kwako. Toka siku hiyo nimekaa najiuliza, mtoto wa kaka yangu nilimpa maziwa au nilimpa nini?"

Pamba hakuwahi kusikia sauti ya shangazi ikitetemeka, hata kwa daktari. Akakaa karibu naye, akamweleza maneno ya muuguzi yote, yale ya kutuliza na yale ya hatujui. Akamwambia na habari ya uvimbe wake, na vile vidole vitatu.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango, akarudi akaanza kufungua vifungo vya gauni.

"Hili wanalikata, nimekubali. Hili jingine daktari alisema ni zima. Lakini juzi nikioga niligusa kitu. Au sikugusa, sijui, niliondoa mkono upesi. Tangu hapo nimeshindwa kuurudisha." Akamshika Pamba mkono. "Nishikie wewe, mwanangu. Na chochote utakachokuta, uniambie."