Vitafunwa vya Kugawana

Mimi si mwongeaji. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ya mbu. Lakini chakula cha shule cha mdogo wangu nakifunga mimi, na kwenye hilo sibabaiki. Mama anatoka mapema kwenda kufungua duka lake la ndoo na mabeseni hapa hapa Kariakoo, kwa hiyo jiko linabaki kwangu.

Mdogo wangu yuko darasa la kwanza, shule mpya. Kila siku alikuwa anarudi na kopo lake kama nilivyolifunga. Kiazi kitamu kizima. Ndizi mbivu nzima, imeshakuwa nyeusi. Halafu anaushambulia ugali kama mtu aliyeshinda anabeba magunia.

"Huyu anataka vitu vya pakiti kama wenzake," mama akasema. "Kuanzia Jumatatu nampa hela anunue. Nimechoka kutupa chakula."

Hela hiyo najua inaishia wapi: krispi na barafu za rangi pale getini. Na magego yake tayari yana matundu. Nikamkalisha kitandani.

"Huvipendi viazi?"

"Navipenda."

"Sasa mbona huli?"

"Nikifungua wanasema, 'Nigee!' Kiazi chenyewe kimoja. Nikimega kinavurugika, nikiwang'atia wanasema mate. Nikila peke yangu wananiimbia, 'Mchoyo! Mchoyo!' Basi nafunga."

Nilimwelewa hapo hapo. Pakiti ina vipande vingi, kila mtu anatia mkono. Yeye alikuwa anakwepa kuchekwa tu, chakula changu hakikuwa na kosa. Hata mimi ningefunga kopo.

Jumamosi nikaenda sokoni kununua tende kwa mama mmoja wa Kiarabu, jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye ulimi anao.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe mtoto wa Kichaga, Ramadhani bado, tende za nini?"

"Za shule."

"Za nini? Ongea mwanangu, hapa ni sokoni, si maktaba!"

"Za shule! Za mdogo wangu!"

Wateja wote wakageuka. Uso ulinichoma, ila tende nilizopata zilikuwa laini kabisa.

Jumapili nikazitoa kokwa na ndani ya kila moja nikapachika karanga. Viazi nikavikata vyembamba kama vidole, nikavipaka mafuta kidogo sana, nikavigeuza kwenye kikaango mpaka vikakauka nje. Asubuhi nikajaza kopo, na vipande vya karoti juu.

Mama alikuwa ameshatoa hela.

"Usimpe," nikasema. "Nipe leo tu uone."

Akanitazama, maana mimi huwa simbishii.

Mchana nilikuwa shuleni kwangu lakini mawazo yote kwenye lile kopo. Nilipofika nyumbani, mdogo wangu alilifungua mbele yangu. Tupu.

"Wamekula wote! Na wao wamenigea. Mmoja embe, mmoja chapati."

"Na wewe je? Au umegawa vyote?"

"Nimekula! Tende, na viazi. Hata sina njaa, dada."

Mama aliporudi akasikiliza yote hayo huku akivua viatu.

"Haya, hela ya pakiti imefutwa," akasema. "Ila viazi vya kesho vikate vyembamba zaidi. Vile nilivyochota asubuhi nikala dukani vilikuwa vibichi katikati."

Vibichi, lakini hakurudi hata na kimoja.