Jani la Isale kwa Mama Aloisi

Mgomba ukipasuliwa unatoa harufu yake peke yake: mbichi, ya maji mengi, na uchungu kidogo nyuma yake. Utomvu ukigusa nguo, hiyo nguo ndiyo basi tena, vaa shambani mpaka ichakae. Juzi nilikuwa napasua mmoja, mwanangu amelala mgongoni nami nina hasira, nitawaambia ya nini. Harufu ile ikanirudisha kijijini kwetu Kilema, niko darasa la nne, nimeshikilia ncha ya mgomba na mama anaushushia panga katikati.

Mwaka huo vuli ilitupita, na masika nayo ikachelewa kama mgeni asiyetaka kuja. Mfongo, ule mfereji wetu wa kuleta maji kutoka msituni, ulikauka mpaka watoto tukaufanya njia ya kwendea shule. Wanaume walipanda na majembe kuuzibua kule juu, wakarudi na vumbi kwenye nyusi. Migomba ilikunja majani kama watu wanaosikia baridi. Kahawa ilidondosha matunda kabla hayajaiva. Baba alikuwa mpagazi, anabebea watalii mizigo mlimani, akishuka analala, akiamka anapanda tena. Kwa hiyo kihamba, yaani shamba letu la nyumbani lenye migomba, kahawa na banda la ng'ombe, kilikuwa mikononi mwa mama.

Na mama hakuwa wa pale. Aliolewa kutoka Rombo, upande wa Mkuu, kwenye vijiji ambavyo maji hayajawahi kuwa mengi. Kwetu Kilema hilo lilikuwa kama kosa. Bibi, mama yake baba, hakumzungushia maneno. Alimwambia mbele yetu tukila mtori kwamba kile kihamba alikipokea kijani kutoka kwa mama mkwe wake, na kikifia mikononi mwa Mrombo, Mrombo atarudi kwao. Mama akaendelea kula.

Kesho yake akaanza kukata migomba.

Jamani, mgomba kwetu haukatwi ovyo. Unasubiri uzae, ukishazaa ndipo unaukata. Mama alikuwa anaingia kwenye kila shina, anafyeka machipukizi yote na kubakiza mama, mtoto na mjukuu tu. Maji hayatoshi kunyonyesha ukoo mzima, alisema. Upande wa juu wa kila shina akachimba shimo lililopinda kama mwezi mchanga, akalijaza samadi na majani makavu, akalifunika kwa migomba iliyopasuliwa, tumbo likitazama chini, ili unyevu usitoroke. Vipande vilivyobaki tulivikatakata tukampa ng'ombe, kwa sababu mgomba ni chakula na maji kwa pamoja. Hayo yote walimfundisha kwao, kule ambako ukitaka kuoga lazima ufikirie mara mbili.

Mama Aloisi ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kihamba chake kilikuwa juu ya chetu, tumetenganishwa na mstari wa isale, mmea tunaoupanda mipakani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na mdomo wake haukuwa na mlango. Alikuwa anasimama pale mpakani na kikombe chake cha chai.

"Mama Neema, unamchimbia nani kaburi?"

Au anamwita jirani wa ng'ambo aje kutazama, kwamba Mrombo ametuletea ukame na mashimo yake ya kuuzikia. Wanacheka. Jumapili baada ya misa utani ulitutangulia hadi langoni mwa kanisa. Mama alinyamaza. Watu wakiuliza anafanya nini, anajibu, "Nalima tu," anainama. Nilimpenda kwa hilo. Nilijua anawakomoa. Migomba yetu ilianza kukunjua majani na ya kwao ikilala chini, nami nilikuwa naombea iendelee kulala. Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto.

Halafu siku moja mchana ikanyesha. Mvua moja tu, kali, ya kupita. Tulitoka nje tukifurahi, Bibi akatoa hata masufuria. Lakini kwa Mama Aloisi ardhi ilikuwa uchi: nyasi zote alikuwa amefyeka kulisha ng'ombe, na mringaringa wake mkubwa uliotia kivuli ulikuwa umeshakuwa mbao. Maji hayakuwa na pa kukaa. Yakashuka yote kwetu kwa kasi, mekundu, na matope yake. Yalipotulia, mashimo ya mistari ya juu yalikuwa yamefukiwa, na migomba kadhaa imelala mizizi nje.

Nilisubiri mama apande akamrukie yule mwanamke. Nilijua hata maneno ningeyapenda. Badala yake alinawa, akabadilisha kanga, akaenda mpakani, akachuma jani la isale, akalifunga fundo.

Msio wa mlimani mjue hivi: isale ni jani la kuombea msamaha. Ukipelekewa huruhusiwi kukataa, hata kama umekosewa vipi. Lakini anayelibeba ni mkosaji. Mama alilibeba kwa mikono miwili, nami nyuma yake nimefura kama chura. Mama Aloisi alipoliona kicheko kilimwisha usoni. Akafuta kiti.

"Umenikosea nini wewe?"

"Nimekaa na kitu ninachokijua, shamba lako likikauka mbele ya macho yangu."

Mama Aloisi alilipokea lile jani. Kisha akauliza mashimo yale yanachimbwa kina gani.

Wiki ile walichimba kwake. Baadaye wakaja wanawake wengine wa mteremko, kila siku kwa mmoja, wakasogea mpaka karibu na msitu, na huko juu wakapanda miti kando ya mfongo mkavu. Mama Aloisi hakuacha mdomo. Alilalamika kwamba mashimo ya Kirombo yamepinda kama miguu ya wenyewe. Ila alichimba kuliko wote. Mvua iliyofuata ilishuka kwetu polepole, safi, imeshachujwa. Hatukuokoa migomba yote, lakini kihamba kilipona na mama akabaki. Bibi, kabla mwaka haujaisha, alikuwa anawaambia wageni kwamba ile njia ni ya ukoo wetu tangu zamani.

Mimi nilinuna miaka. Niliona mama amejishusha, ameomba msamaha kwa aliyemtukana. Nilipokua kidogo nikabadilisha: nikasema alikuwa mjanja, alitumia isale ili mlango ufunguke, maana maji yetu yalianzia kule juu. Hiyo ni kweli, lakini si yote.

Sasa nina kihamba changu na mtoto wangu. Juu yangu analima shemeji yangu, kijana wa simu na miwani ya jua, anayeniita Profesa wa Mashimo. Ameiacha ardhi yake uchi. Nilikuwa nimeapa: sisemi neno, akauke aone. Msimu mzima nimeiangalia migomba yake ikikunja majani, na nilikuwa nasikia raha. Kweli kabisa, raha.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuigiza pale kwa Mama Aloisi. Ile raha aliijua. Kunyamaza kwake, ambako mimi nilikuita ushujaa, yeye aliona ni kumnyima mtu maji, na alilibeba jani kwa sababu alikuwa na kosa.

Hasira yangu haijaisha, nisiwadanganye. Lakini nilimpelekea shemeji jani la isale, na tumeshaanza kuchimba kwake. Anaropoka tangu asubuhi mpaka jioni, na mkewe anamwambia anyamaze achimbe, shimo halijafika kina.