Mikorosho ya Marehemu Redioni

Juzi, kwenye kaunta ya kituo kimoja cha redio hapa Mtwara, mjane alimleta shemeji yake wasikilize kipindi cha zamani kuhusu haki ya ardhi, ambamo marehemu mumewe alihojiwa. Wanagombea shamba la mikorosho. Mtunza kumbukumbu akabofya, sauti ikatoka: “Mikorosho tulipanda wote na mke wangu. Nikifa ni yake.”

Shemeji akavua kofia. “Ni kaka, kweli. Lakini redioni watu husema mambo ya kupendeza.”

“Nyumbani alisema hayohayo, shemeji. Ukaniambia hakuna aliyesikia.”

Shemeji akaomba kipindi kirudiwe, kikarudiwa. Kati ya wote niliowahi kuwasikia wakizungumzia mirathi, ni marehemu huyu tu ambaye hakubadili neno.